Turbo ya Pikapu: Mambo ya Kujua Kabla ya Kuongeza Presha

ELIMU KWA WAKAZI: USAFIRI NA USALAMA BARABARANI

Katika Kaunti ya Meru pikapu ni chombo cha kazi. Hubeba miraa kutoka Maua, Laare na Kangeta, viazi kutoka Kibirichia na Timau, ndizi kutoka Imenti Kusini na maziwa kutoka karibu kila pembe ya kaunti. Miraa ndiyo isiyongoja kabisa. Ikishachumwa na kufungwa kwa majani ya migomba, huanza kupoteza nguvu yake, na baada ya siku mbili hivi bei huwa imeshuka sana. Mkulima, mnunuzi na dereva wote hutazama saa moja.

Kwa sababu ya haraka hiyo, ombi moja husikika mara nyingi katika gereji zetu: gari halina nguvu mlimani, fundi aongeze presha ya turbo. Kazi yenyewe inaweza kufanywa kwa dakika chache na spana moja. Gharama yake inaweza kuwa injini nzima, na wakati mwingine maisha ya watu. Makala haya yanaeleza presha hiyo ni nini, hudhibitiwa vipi, mafundi huiongeza kwa njia gani, na mwenye gari anapaswa kukagua nini kabla ya kukubali iguswe.

Presha ya turbo ni nini

Injini huunguza mafuta kwa msaada wa hewa. Kadiri hewa inavyokuwa nyingi ndani ya silinda, ndivyo mafuta mengi zaidi yanavyoweza kuungua vizuri na kutoa nguvu. Injini isiyo na turbo huvuta hewa kwa uwezo wake tu. Injini yenye turbo husukumiwa hewa kwa nguvu, na ule msukumo uliozidi hewa ya kawaida ya nje ndio huitwa presha ya turbo.

Hupimwa kwa bari au kwa pauni, ambapo bari 1 ni sawa na pauni 14.5 kwa kila inchi ya mraba. Pikapu nyingi za dizeli zilizoko barabarani hutoka kiwandani na presha ya bari 1 au zaidi kidogo, kutegemea injini. Katika usawa wa bahari hewa ya kawaida ina takriban bari 1. Kwa hiyo gari lenye turbo ya bari 1 likiwa Mombasa, injini yake hupata hewa ya jumla ya bari 2, yaani karibu maradufu ya ile ambayo ingevuta yenyewe.

Turbo na supachaja

Vifaa hivi viwili hufanya kazi moja kwa njia tofauti. Turbo huzungushwa na moshi wa moto unaotoka kwenye injini. Upande mmja una gurudumu linalopigwa na moshi na upande wa pili lipo gurudumu linalosukuma hewa, na magurudumu haya mawili yameungwa kwa shafti moja. Shafti hiyo inaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ikielea juu ya utando mwembamba wa oili.

Supachaja huzungushwa na mkanda kutoka kwenye injini yenyewe, kama vile altaneta inavyozungushwa. Hupatikana zaidi kwenye pikapu za petroli zilizotengenezwa kwa ajili ya kasi, mfano Ram TRX ya Marekani yenye nguvu za farasi 702. Toyota pia iliwahi kuuza nchini Australia Hilux ya petroli yenye supachaja, iliyofikia kilowati 225. Kwa supachaja, presha huamuliwa hasa na ukubwa wa puli. Anayetaka presha zaidi hufunga puli ndogo ili kifaa kizunguke kwa kasi zaidi.

Katika kaunti yetu magari ya aina hiyo ni nadra. Pikapu za hapa, ziwe Hilux, D-Max au nyinginezo, kwa wingi ni za dizeli zenye turbo. Hata hivyo kanuni ni moja kwa zote: hewa ikiongezwa, joto na shinikizo ndani ya injini huongezeka pia, na kila kifaa kina mpaka wake.

Mwinuko wa Meru na hewa nyembamba

Wakazi wengi wameona kwamba gari linaloruka kama swala likiwa Isiolo huanza kukohoa likipanda kuelekea Timau. Sababu kubwa ni hewa. Isiolo iko karibu mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ina takriban bari 0.89. Kwenye mita 1,500, ambao ni mwinuko wa sehemu kubwa ya mji wa Meru na viunga vyake, hewa hushuka hadi karibu bari 0.85. Kwenye mita 2,300, mwinuko wa maeneo ya Timau, hubaki karibu bari 0.77.

Tuchukue pikapu ya zamani ambayo turbo yake imewekewa kikomo cha bari 1 kwa kutumia springi. Ikiwa Mombasa, injini hupata jumla ya bari 2. Ikiwa Timau hupata bari 1.77. Gari limepoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya hewa yake bila kuharibika popote. Dereva asiyejua hili hudhani turbo imekufa.

Magari ya kisasa yana kompyuta inayopima hewa halisi na kujaribu kufidia upungufu huo. Lakini kufidia huko kuna gharama. Ili kupata jumla ya bari 2 ikiwa pwani, turbo huikamua hewa karibu mara 2. Kupata kiasi hicho hicho ikiwa Timau, lazima iikamue mara 2.6, na ili kufanya hivyo izunguke kwa kasi kubwa zaidi. Kwa maneno mengine, turbo ya Meru tayari inafanya kazi ngumu kuliko turbo ya Mombasa hata kabla fundi hajaigusa.

Supachaja iko tofauti hapa. Kwa kuwa imefungwa kwa mkanda, haiwezi kujiongezea kasi hewa inapopungua, na presha yake hushuka kadiri gari linavyopanda.

Jambo jingine la kukumbukwa: pikapu za miraa, na zile za muguka kutoka Mbeere, hazibaki mlimani. Gari likirekebishwa Timau hadi dereva aridhike, kisha literemke hadi pwani ambako hewa ni nzito na joto ni kali, injini hupata hewa nyingi kuliko ile ambayo fundi aliipima. Ikiwa kikomo cha springi kilipandishwa hadi bari 1.4, gari hilo likiwa Mombasa litakuwa na jumla ya bari 2.4. Kipimo cha mlimani hakitoshi kwa gari linalokwenda pwani.

Ni nini huidhibiti presha

Turbo ikiachwa bila breki, moshi ungeendelea kuizungusha hadi ipasuke. Kwa hiyo kiwanda huweka kidhibiti, na vipo vya aina mbili.

Aina ya kwanza ni kijilango kidogo upande wa moshi, ambacho mafundi hukiita westigeti. Presha ikifikia kikomo, hewa hupita kwenye mpira mwembamba hadi kwenye kopo lenye utando na springi. Utando husukuma fimbo, fimbo hufungua kijilango, na sehemu ya moshi hupita kando bila kuzungusha turbo.

Aina ya pili, iliyo kwenye dizeli nyingi za kisasa, ina mabawa madogo yanayojigeuza ndani ya turbo. Yakijibana, moshi hupita kwa kasi na turbo huamka mapema. Yakijifungua, presha hutulia. Mabawa haya husukumwa na mota ndogo ya umeme au na kopo linalovutwa kwa hewa, na kompyuta ya gari ndiyo hutoa amri.

Njia zinazotumika kuongeza presha

Kukaza fimbo ya kopo. Fundi hufupisha fimbo ili springi ikazike na kijilango kichelewe kufunguka. Ni kazi rahisi, na ndiyo maana hufanywa sana bila kipimo chochote.

Kuvujisha au kuziba mpira mwembamba. Wengine hufunga vali ndogo kwenye mpira unaokwenda kwenye kopo ili kopo lipate hewa pungufu. Vali nzuri iliyopimwa inaweza kufanya kazi. Lakini kuuziba kabisa mpira huo ni kuondoa breki ya turbo, na hakuna hali yoyote ambamo jambo hilo ni salama.

Kubadilisha programu ya kompyuta. Hapa presha, mafuta na wakati wa kuyanyunyiza hubadilishwa pamoja. Ikifanywa na mtu mwenye ujuzi na vipimo, hii ndiyo njia iliyo kamili zaidi. Ikifanywa kwa kunakili faili la gari jingine, ni kamari.

Kufunga kisanduku cha kudanganya sensa. Kisanduku huiambia kompyuta kwamba presha ya mafuta iko chini kuliko ilivyo, nayo huongeza mafuta. Hewa huenda isiongezeke kwa kiwango hicho hicho.

Mwenye gari anapaswa kuelewa tofauti moja hapa. Katika injini ya dizeli, kinacholeta nguvu ni mafuta, na hewa ndiyo huyawezesha kuungua. Kuongeza presha peke yake bila mafuta huleta nguvu kidogo sana. Kuongeza mafuta bila hewa huleta moshi mweusi na joto kali. Kwa petroli hali ni ya hatari zaidi: hewa ikiongezwa na mafuta yakabaki pungufu, mchanganyiko hujilipukia kabla ya wakati wake na kupiga pistoni kama nyundo. Hivyo fundi anayeahidi nguvu kwa kugeuza nati moja tu ama ameacha jambo fulani bila kulisema, ama halijui.

Kinachoharibika

Hewa ikikamuliwa hupata moto. Hewa ya nyuzi 25 ikikamuliwa mara 2 na turbo ya kawaida hutoka ikiwa zaidi ya nyuzi 100. Ikikamuliwa mara 3 inaweza kukaribia nyuzi 200. Rejeta ndogo ya hewa iliyo mbele ya gari au juu ya injini hupoza sehemu ya joto hilo, lakini nayo ilitengenezwa kwa kiasi fulani tu. Baada ya hapo hewa inayoingia ni ya moto na nyepesi, na faida iliyotafutwa hupotea.

Joto la moshi nalo hupanda. Pistoni nyingi ni za alumini, madini ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 660. Hazipati moto wote wa silinda kwa sababu hupozwa na oili na kuta za silinda, lakini gari likipanda mlima mrefu likiwa na mzigo na mafuta ya ziada, muda wa kupoa hukosekana. Pistoni hutoboka au kupasuka. Kabla ya hapo gasketi ya silinda hedi inaweza kuchomeka, shafti ya turbo ikalika, klachi ikateleza na giaboksi ikaanza kulia.

Hasara hizi mara nyingi haziji siku ile gari lilipotoka gereji. Huja wiki au miezi baadaye, usiku, gari likiwa limebeba mzigo wa watu kumi walioungana kukodisha. Mzigo ukiozea barabarani, hasara huwafikia wachumaji na wakulima ambao hawakuulizwa kama turbo ikazwe.

Kagua kwanza

Pikapu nyingi zinazoletwa kwa kukosa nguvu hazihitaji presha mpya. Zinahitaji kurudishiwa ile zilizotoka nayo kiwandani. Kabla ya kugusa kidhibiti, mambo yafuatayo yakaguliwe kwa mpangilio:

1. Chujio la hewa. Vumbi la barabara za marram za Igembe Kaskazini na Tigania huliziba mapema kuliko kitabu cha gari kinavyosema. Chujio lililoziba huifanya turbo ivute kwa shida na kuzunguka kupita kiasi.

2. Mipira mikubwa ya hewa na vibano vyake. Alama za oili kwenye maungio au sauti ya mluzi gari likipanda ni dalili ya kuvuja. Maji ya sabuni na upepo wa presha ndogo huonyesha mahali penyewe.

3. Rejeta ya hewa. Ufa mdogo hutosha kupoteza presha. Oili iliyojaa ndani yake ni ishara kwamba sili za turbo zinachoka.

4. Mipira myembamba ya kidhibiti. Hukauka na kupasuka kwa joto. Mpira mmoja wa bei ndogo unaweza kulifanya gari zima lionekane mgonjwa.

5. Mabawa ya turbo. Masizi huyafanya yakwame, hasa kwa magari yanayotembea mwendo mfupi na polepole.

6. Chujio la mafuta na nozeli. Chujio likiziba, mafuta hupungua mlimani. Nozeli ikivuja, moshi huongezeka na oili huchafuka.

7. Oili ya injini. Utando wa oili ndio unaobeba shafti ya turbo. Oili iliyopitiliza muda, au njia ya oili iliyozibwa na masizi, huiua turbo upesi kuliko jambo jingine lolote.

8. Breki zinazoshika, klachi inayoteleza na ekzosi iliyoziba. Haya si makosa ya turbo, lakini hulaumiwa kwayo kila siku.

Baada ya ukaguzi, presha ipimwe kwa geji gari likiwa na mzigo wa kawaida kwenye mlima wa kawaida, kisha ilinganishwe na kiwango cha kiwanda. Ikiwa inafika pale inapotakiwa, turbo ni nzima. Ikiwa haifiki, kukaza fimbo hakutatibu ugonjwa, bali kutauficha tu.

Iwapo presha itaongezwa

Wapo wenye magari wenye sababu halali ya kutaka nguvu zaidi. Kwao, kazi isifanywe bila geji mbili: moja ya presha na nyingine ya joto la moshi. Vipimo vya awali viandikwe. Presha iongezwe kwa hatua ndogo, kama bari 0.1 kwa mara moja, na kila hatua ijaribiwe na mzigo. Mafuta yalinganishwe na hewa. Moshi mweusi ukionekana, au geji ya joto ikiendelea kupanda bila kutulia, hatua hiyo irudishwe.

Gari la kisasa likizidishiwa presha, kompyuta yake huenda ikakata nguvu ghafula ili kujilinda. Likifanya hivyo dereva akiwa anapita lori, hatari yake ni wazi. Sensa zisizibwe wala zisidanganywe ili taa ya onyo izime.

Kila dereva wa turbo pia ajifunze jambo moja lisilo na gharama: baada ya kupanda mlima mrefu, injini iachwe inguruma taratibu dakika moja au mbili kabla ya kuzimwa, ili oili iipoze turbo.

Breki, mzigo na sheria

Nguvu ya injini huongezwa kwa spana, lakini breki hubaki zilezile. Gari likitoka kilomita 80 kwa saa hadi 120, nishati ambayo breki zinapaswa kuimaliza huwa mara 2.25, si mara moja na nusu. Mzigo uliopita kiasi huongeza juu ya hapo.

Barabara ya Meru kwenda Embu imefundisha somo hili kwa uchungu. Mnamo Julai 2022 zaidi ya watu 30 walifariki basi lilipotumbukia kutoka daraja la Nithi katika Kaunti ya jirani ya Tharaka Nithi. Mteremko ule hauulizi gari lina nguvu kiasi gani. Huuliza kama breki zinashika, kama dereva ameteremka na gia ndogo, na kama mzigo unalingana na gari.

Ndani ya miji na vituo vya biashara, ikiwemo Nkubu, Chuka na Runyenjes, kikomo cha mwendo ni kilomita 50 kwa saa. Magari ya biashara hukaguliwa kila mwaka na Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi, NTSA. Injini ikibadilishwa, maelezo yaliyo kwenye logibuku lazima yabadilishwe pia kupitia mamlaka hiyo. Moshi wa magari unasimamiwa na kanuni za ubora wa hewa za mwaka 2014. Mwenye gari aijulishe pia kampuni yake ya bima kuhusu marekebisho yoyote ya injini, kwa kuwa jambo lililofichwa linaweza kuwa sababu ya kukataliwa fidia siku ya ajali.

Kwa mafundi

Fundi anayerekebisha turbo anashika riziki ya familia nyingi mikononi mwake. Ni vyema kila kazi iandikwe: gari, kilomita, presha kabla na baada, na kilichobadilishwa. Karatasi hiyo humlinda mteja, na humlinda fundi pia injini ikileta ubishi. Mafundi waliojifunzia kazi gerejini wanaweza kufanya mitihani ya ufundi ya Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda, NITA, ili wapate vyeti. Vijana wanaotaka kusomea uhandisi wa magari wanaweza kuuliza katika Meru National Polytechnic na vyuo vya ufundi vilivyo karibu nao.

Kwa ufupi

Gari kupungua nguvu likipanda Timau ni jambo la hewa, si lazima liwe ugonjwa. Ukaguzi hutangulia marekebisho. Presha bila mafuta yanayolingana haisaidii, na mafuta bila hewa huunguza. Mpira wa kidhibiti usizibwe kamwe. Asiye na geji asikaze kitu. Na kabla ya kulipia nguvu ya kupanda, mwenye pikapu alipie kwanza breki za kuteremkia.